Biniam Girmay, Mwendesha Baiskeli wa Asmara

Ninyi mnaijua baiskeli. Hubeba madumu ya maji, hupeleka mahindi mashineni, humfikisha mgonjwa zahanati. Leo tutasoma habari za kijana aliyepata sifa duniani kwa baiskeli, na za wale waliomtangulia.

Kaskazini ya Ethiopia iko nchi ya Eritrea, na mji wake mkuu ni Asmara. Waitalia waliitawala nchi hiyo, wakaleta mbio za baiskeli. Lakini wenyeji hawakuruhusiwa kushindana na Wazungu. Mwaka 1939 ndipo walipowekwa pamoja ili ionekane nani ana nguvu. Mshindi akawa mwenyeji, Ghebremariam Ghebru.

Girmay alizaliwa Asmara tarehe 2 Aprili 2000. Alipokuwa na miaka 15, Mweritrea mwenzake, Daniel Teklehaimanot, alivaa fulana ya madoa mekundu katika Tour de France, mbio kubwa za kuizunguka Ufaransa. Fulana hiyo huvaliwa na anayeongoza kwa kupanda milima. Basi vijana wa Asmara wakajua kwamba jambo hili linawezekana.

Tarehe 27 Machi 2022 Girmay alishinda mbio za Gent–Wevelgem huko Ubelgiji, za kilomita karibu 249. Mwezi Mei akashinda siku moja katika mbio za kuizunguka Italia. Alipokuwa akishangilia, kizibo cha chupa kikamruka jichoni, akalazimika kuziacha mbio hizo.

Je, alikata tamaa? Hakukata. Mwaka 2024, katika Tour de France, alishinda siku tatu, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hata siku moja. Zilipobaki siku chache, alianguka akaumia. Kesho yake akapanda baiskeli tena. Mwisho wa mbio akapewa fulana ya kijani, ya mwenye alama nyingi kuliko wote. Hakuna Mwafrika aliyeipata kabla yake.

Lakini kumbukeni, hakushinda peke yake. Wenzake wa timu walitangulia mbele kumkingia upepo, kusudi abaki na nguvu za kumalizia. Na Ghebru alikuwa ameufungua mlango miaka 85 kabla.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini wenyeji walizuiwa kushindana?
2. Ni nani aliyewafungulia ninyi mlango wa kusoma, na ninyi mtamfungulia nani?