Mikono ya Mwanafunzi: Historia ya Kunawa Wodini

Kunawa mikono ni miongoni mwa masomo ya kwanza ya vitendo katika vyuo vya uuguzi, na ni miongoni mwa yanayopuuzwa mapema mwanafunzi akishaingia wodini. Desturi yenyewe ina umri wa chini ya miaka 200. Haikuanzia kwa wauguzi, bali kwa wanafunzi wa udaktari katika mji wa Vienna, Austria, miaka ya 1840, na tangu siku zile ugumu wake haujabadilika sana: kumfundisha mwanafunzi kunawa ni kazi ya saa moja, kumfanya anawe kila mara ni kazi ya miaka.

Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Kuanzia 1840 Kliniki ya Kwanza ilitengwa kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari, na ya Pili kwa ajili ya wanafunzi wa ukunga. Wajawazito walipokewa kwa zamu, siku hii huku, siku ile kule, kwa hiyo hapakuwa na tofauti ya hali wala ya kipato kati ya kundi moja na jingine. Tofauti ilikuwa katika vifo. Mwaka 1846 Kliniki ya Kwanza ilipoteza wazazi 459 kati ya 4,010, sawa na asilimia 11.4. Ya Pili ilipoteza 105 kati ya 3,754, yaani asilimia 2.8. Mjini habari hizo zilijulikana vizuri. Wanawake waliopangiwa Kliniki ya Kwanza walipiga magoti wakiomba wasiingizwe, na hata waliojifungulia njiani kabla ya kufika hospitali walipata homa ya uzazi, ugonjwa uliokuwa ukiwaua wazazi hao, kwa nadra kuliko waliozalishwa ndani.

Ignaz Semmelweis, daktari kutoka Hungaria aliyekuwa msaidizi katika Kliniki ya Kwanza, alipitia sababu zote zilizokuwa zikitajwa. Msongamano haukuwa sababu, maana Kliniki ya Pili ndiyo iliyojaa zaidi. Alibadilisha mlalo wa mama wakati wa kujifungua, akamwomba hata padri aliyekuwa akipita na kengele kwenda kwa mahututi abadilishe njia yake, lakini vifo havikupungua. Jibu lilikuja kwa msiba. Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka, profesa aliyefundisha kwa kupasua maiti, alichomwa kidole na kisu cha mwanafunzi, akafa. Mwili wake ulipochunguzwa ulionyesha dalili zilezile za wazazi waliokufa kwa homa. Hapo Semmelweis aliona kilichokuwa mbele ya macho ya kila mtu: asubuhi wanafunzi wa udaktari walipasua maiti, wakanawa kwa sabuni huku harufu ikibaki mikononi, kisha wakapanda wodini kuwapima wajawazito. Wanafunzi wa ukunga hawakuwa na somo la maiti.

Katikati ya Mei 1847 aliamuru kila anayeingia wodini anawe kwa maji ya klorini, ambayo baadaye yalibadilishwa na chokaa ya klorini kwa kuwa ilikuwa nafuu. Aprili mwaka huo vifo vilikuwa asilimia 18.3. Juni vilishuka hadi 2.2, na Julai 1.2.

Hadithi hii kwa kawaida huishia hapo, na sehemu yenye manufaa zaidi kwa walimu wa uuguzi huachwa. Oktoba 1847 mgonjwa mwenye saratani ya mfuko wa uzazi alilazwa kwenye kitanda cha kwanza, mahali ambapo duru ya wodi ilianzia. Wanafunzi walikuwa wamenawa klorini mlangoni, wakampima, kisha wakawaendea wengine wakiwa wamenawa kwa sabuni tu. Wazazi 12 waliokuwa wakijifungua walipimwa hivyo, na 11 wakafa. Ikabidi kanuni ibadilike: kunawa klorini mlangoni hakutoshi, lazima mtu anawe kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Mwisho wa mwaka vifo vilipanda tena kidogo, na ikaonekana kuwa wapo wanafunzi waliokuwa wakiruka kunawa. Usimamizi ukakazwa. Machi 1848 hakufa mzazi hata mmoja, na kwa mwaka mzima walikufa 45 kati ya 3,556. Klorini ilikuwa ileile wakati wote huo. Kilichoongezeka ni jicho la msimamizi.

Semmelweis alipoteza kazi Vienna mwaka 1849 na baadaye kurudi nyumbani Pest, alikopata tena mafanikio katika hospitali ya Mtakatifu Rochus. Alichapisha kitabu chake mwaka 1861, wakuu wa tiba wakakikataa kwa sehemu kubwa, na mwaka 1865 akafia katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Uuguzi wenyewe ulilipokea jambo hili kwa njia nyingine. Florence Nightingale, katika mwongozo wake wa uuguzi uliotoka mwishoni mwa 1859, alimtaka muuguzi anawe mikono mara nyingi kwa siku. Mwaka uliofuata shule iliyopewa jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, London. Nightingale alichelewa kukubali nadharia ya vijidudu, kwani aliamini ugonjwa hutokana na uchafu na hewa mbovu. Hata hivyo shule yake ilifanya jambo ambalo Vienna haikulifanya, nalo ni kuufanya usafi kuwa sehemu ya tabia inayopimwa. Wanafunzi walijaziwa taarifa mara kwa mara, na usafi wa mwili ulihesabiwa pamoja na kuwahi kazini, utulivu na uaminifu. Mpango wake wa matroni, sista wa wodi na wanafunzi walio chini yao ndio uliofika Afrika Mashariki kupitia hospitali za misheni na za serikali ya kikoloni.

Daktari wa upasuaji Joseph Lister alipoanza kutangaza matumizi ya asidi ya kaboliki ya kuua vijidudu mwaka 1867, mikono ya wauguzi wa chumba cha upasuaji nayo iliumia. Karibu na mwaka 1890, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, muuguzi Caroline Hampton alibabuka ngozi kwa dawa ya zebaki iliyotumika kuoshea mikono. Daktari William Halsted akaagiza glavu za mpira ili kumkinga yeye, wala si mgonjwa. Glavu zimeokoa maisha mengi tangu hapo, lakini zimeleta pia udanganyifu ambao kila mkufunzi wa wodi anaufahamu: mwanafunzi huvaa jozi moja na kuhama nayo kitanda hadi kitanda, akiamini yuko salama. Yeye huenda akawa salama. Mgonjwa wa kitanda kinachofuata hayuko salama.

Mwaka 1978 uangalizi ulihamia kwenye namna ya kunawa. Nchini Uingereza mtafiti aliyetumia rangi kuonyesha sehemu zisizofikiwa aligundua kuwa wengi wa wafanyakazi aliowapima waliacha sehemu ya mkono bila kuosha, hasa vidole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole. Mwaka huohuo Graham Ayliffe na wenzake wa Birmingham walichapisha utaratibu wa hatua sita, ambao baada ya maboresho madogo ndio unaoonekana kwenye mabango juu ya sinki hadi leo. Vyuo vingi huufundisha kwa mafuta yanayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Mwanafunzi hupaka, hunawa, huingiza mikono chini ya taa, na kidole gumba cha mkono anaoutumia zaidi mara nyingi bado kinang'aa, kwa sababu huoshwa na mkono usio na ustadi.

Geneva, Uswisi, ilishughulikia muda. Daktari Didier Pittet na wenzake waliona kuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi anatakiwa kusafisha mikono zaidi ya mara 20 kwa saa, na kwa sinki lililo mbali hilo haliwezekani. Kuanzia mwaka 1995 waliweka vichupa vya spiriti kando ya vitanda, wakabandika mabango na kuwapa wafanyakazi matokeo ya ukaguzi. Usafishaji wa mikono ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na maambukizi ya hospitalini yakashuka kutoka asilimia 16.9 hadi 9.9. Utafiti huo uliotoka mwaka 2000 ndio msingi wa miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2009 na ya nyakati tano za kunawa: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kukaribia majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka.

Shirika lilitoa pia kanuni ya kutengeneza kitakasa mikono papo hapo hospitalini: ethanoli asilimia 80, glisirini kidogo ya kulinda ngozi, na haidrojeni peroksaidi ya kuua mbegu za bakteria ndani ya chombo. Hospitali ya Point G mjini Bamako, Mali, ilitumia spiriti ya miwa. Usafishaji wa mikono huko ulipanda kutoka asilimia 8 hadi karibu 22, hatua kubwa mahali ambapo hata sinki ni adimu. Kwenye zahanati zisizo na maji ya bomba, kibuyu chirizi, kilichobuniwa Zimbabwe miaka ya 1980, kinafanya kazi hiyo kwa maji kidogo.

Tafiti za wanafunzi wa uuguzi katika nchi nyingi zinakubaliana kwenye mambo mawili. Wanafunzi hunawa zaidi baada ya kumgusa mgonjwa kuliko kabla, yaani wanajikinga wao kwanza. Na wakiwa wodini humfuata muuguzi mkubwa kuliko kitabu: asiponawa yeye, mwanafunzi huona aibu kumchelewesha kwa kwenda kwenye sinki. Ndiyo maana mkakati wa Shirika la Afya Duniani una nguzo tano, na mafunzo ni moja tu kati yake. Nyingine ni vifaa vilivyo karibu na kitanda, ukaguzi wenye mrejesho, vikumbusho wodini, na uongozi unaonawa mbele ya wadogo zake.