Madirisha Juu ya Seva

Ziko kompyuta zinazokaa mezani mbele ya karani, na ziko nyingine zinazofungiwa chumbani, kazi yake ikiwa ni kuzihudumia hizo za mezani: kutunza mafaili, kupokea barua, kuweka hesabu za mishahara. Hizo huitwa seva. Ukiwasha kioo cha seva nyingi utakuta weusi mtupu na alama moja inayopepesa, ikingoja uandike amri. Hakuna picha, hakuna cha kubonyeza. Mkuu wa ofisi akiona hivyo huuliza: kwa nini isiwekewe madirisha kama kompyuta nyingine? Swali hilo ni la haki, na lina historia ndefu.

Mfumo wa Unix, ambao seva nyingi za leo zimerithi tabia zake, ulianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Siku zile mtu alizungumza na kompyuta kwa mashine iliyofanana na taipureta: anaandika amri, na jibu linachapwa karatasini.

Mwaka 1983 chuo cha MIT kilianzisha Mradi wa Athena, kikishirikiana na makampuni ya IBM na Digital, ili wanafunzi wapate kompyuta. Mwaka uliofuata, Bob Scheifler na Jim Gettys wakatoa mfumo wa madirisha ulioitwa X, uliotokana na mwingine wa Chuo Kikuu cha Stanford ulioitwa W. Uamuzi wao mkubwa ulikuwa huu: madirisha yasichanganywe na kiini cha kompyuta, bali yawe programu inayokaa juu yake, mfano wa turubai juu ya lori. Ukitaka unalifunga, ukitaka unalivua. Lori linakwenda vilevile.

Lakini X haikuamua sura ya madirisha, na kila programu ikaja na uso wake. Ndipo mwaka 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Tübingen huko Ujerumani, alipoanzisha KDE, akitaka mtumiaji wa kawaida apate mazingira ya namna moja. Mwaka 1997 Wamexico wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakaanzisha GNOME, kwa kuwa Qt, nyenzo iliyotegemewa na KDE, wakati huo haikuwa huru kwa masharti waliyoyataka.

Microsoft ilishika njia nyingine. Windows NT ya mwaka 1993 ilikuja na madirisha yake, hata kwa seva. Mwaka 1996, toleo la NT 4.0 likahamishia kazi ya kuyachora ndani ya kiini chenyewe, ili kuongeza kasi. Ofisi nyingi zilifurahi, maana aliyejua kubonyeza aliweza kuiendesha seva. Lakini gharama ilikuwapo. Kila programu inayoongezwa hula kumbukumbu ya kompyuta, tena ni mlango mmoja zaidi unaohitaji kufuli. Mwaka 2008 Microsoft yenyewe ilitoa Windows Server 2008 ikiwa na nafasi ya kuisimika bila mazingira hayo ya picha. Kampuni iliyotajirika kwa madirisha ikakubali kwamba seva inaweza kuishi bila hayo!

Je, tuyakatae? Hasha. Ofisi ndogo isiyo na fundi wa kudumu inaweza kuyahitaji, na katika mifumo kama Debian huongezwa kwa amri ya mstari mmoja, na kuondolewa kwa mwingine. Angalieni basi: hata dirisha lenyewe huitwa kwa maneno.

Hapo ndipo penye hatari. Anayejua kubonyeza tu, siku dirisha likikataa kufunguka, atabaki nje na mishahara ya watu iko ndani. Anayejua amri ataingia hata akiwa mji mwingine, kwa njia ya SSH, aliyoibuni Tatu Ylönen wa Ufini mwaka 1995, ambayo hupitisha maandishi kwa usalama hata kwenye laini dhaifu.

Wahenga walituusia tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Ofisi inayoweka madirisha juu ya seva yake na imfundishe angalau mtu mmoja kuzungumza na kilicho chini yake.