Kiswahili na Dirisha la Udhibiti wa Matoleo: Funzo la Mwaka 2005

Makala haya yanadai kwamba historia ya programu za kudhibiti matoleo, yaani zinazohifadhi kila badiliko la msimbo na jina la aliyelifanya, ni historia ya lugha pia. Mfumo wa SCCS, ulioanzishwa na Marc Rochkind katika Bell Labs mwaka 1972, uliendeshwa kwa amri za maandishi. Mwaka 2005 Linus Torvalds alianzisha Git. Mwaka huohuo Paul Mackerras akaiundia gitk, dirisha la kompyuta ya mezani linalochora historia kwa nukta na mistari. Baadaye git-gui ya Shawn Pearce ilileta vitufe vya kurekodi mabadiliko, na kila kitufe kilihitaji neno.

Mwaka 2005 pia, marekebisho ya Katiba ya Uganda yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, mtayarishaji programu aliyeko Nsambya, Kampala, bado hukutana na vitufe vya Kiingereza. Teknolojia haimzuii: tafsiri za madirisha hayo huwekwa katika faili zilizotengwa na msimbo. Kinachokosekana ni istilahi. "Tawi" na "kuunganisha" yanaeleweka; lakini je, kurekodi badiliko kuitwe "kuhifadhi", neno ambalo tayari ni la kitufe cha kuhifadhi faili, au "kuthibitisha"? Tunapendekeza Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iwakutanishe wanaisimu na watayarishaji programu waamue hilo kabla dirisha halijachorwa.