Waya Baada ya Swichi

Pikipiki ya kaka yangu iligoma kuwaka alfajiri ya Jumatatu, na kosa lilikuwa langu.

Kaka, mtoto wa mama mkubwa, anaendesha bodaboda Dar es Salaam kwa mkataba. Kila siku anampelekea mwenye pikipiki hesabu yake, na siku mkataba utakapoisha pikipiki itakuwa mali yake. Maombi ya abiria yanaingia kwa simu, na simu hiyohiyo ndiyo inayomwonyesha njia. Tatizo ni kwamba ikifika saa saba mchana chaji imekwisha, na simu ikizima naye ni kama amezima. Basi nikamnunulia kifaa kidogo cha kuchajia chenye tundu la USB, nikampeleka kwa fundi. Fundi aliniuliza waya auunge wapi. Nikajibu kwa kujiamini, kama msomi: “Moja kwa moja kwenye betri, ili achaji hata akiwa amezima.”

Mambo yalikwenda vizuri hadi tulipopata msiba Muheza. Kaka alikaa huko wiki mbili, pikipiki ikiwa imefungiwa uani. Aliporudi alikuwa na deni la hesabu na alitaka kuwahi abiria wa saa kumi na mbili. Alibonyeza selfu, ikajibu “tik”, kisha kimya. Alipiga kiki mpaka jasho likamtoka. Pikipiki yake ni ya aina ambayo cheche ya plagi nayo inategemea betri, kwa hiyo kiki haikumsaidia. Saa zile za asubuhi, ambazo ndizo zenye pesa, alizitumia kusukuma pikipiki hadi kwa fundi.

Kilichonisumbua ni kwamba hakukuwa na simu yoyote iliyochomekwa. Sasa nani aliyekula ule moto wa betri?

Mimi nasomea historia, si umeme. Lakini nilipoanza kufuatilia swali hilo niligundua kwamba jibu lake ni la kihistoria pia.

Bodaboda ya kwanza haikuwa na betri. Tunajua ilianza miaka ya 1960 kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, Busia, baiskeli zikibeba watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, na jina lenyewe likatokana na neno la Kiingereza la mpaka, “border”. Waliowahi kuishi na baiskeli za zamani wanaikumbuka dainamo: kichupa cha chuma kinachojisugua kwenye tairi na kuwasha taa ya volti 6. Ukikanyaga kwa nguvu, taa inang’aa, ukipanda mlima, inafifia, ukisimama, inazimika. Ni taa yenye usumbufu, lakini haikumwacha mtu njiani kwa sababu ya deni la jana. Ilitumia kile tu ambacho gurudumu lilizalisha muda huohuo.

Pikipiki nazo zilianza na maisha ya namna hiyo. Kanuni yenyewe aliigundua Michael Faraday mwaka 1831: sumaku ikitembea karibu na waya, umeme unazaliwa ndani ya waya. Mwaka 1887 Robert Bosch wa Ujerumani alitengeneza magineti ya kutoa cheche kwa ajili ya injini, na mwaka 1902 kampuni yake ikatoa magineti ya volti kubwa iliyoweza kutumia plagi kama tunazozijua leo. Injini ilijizalishia cheche yake yenyewe. Pikipiki nyingi za mwanzo hazikuhitaji betri hata kwa taa, maana taa ziliwaka kwa gesi ya asetilini, maji yakidondokea kabaidi kwenye kijitungi.

Betri ya risasi na asidi ilikuwepo, kwani Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859. Iliingia kwenye vyombo vya moto kwa sababu watu walitaka taa zisizozimika chombo kikisimama, na baadaye kwa sababu walichoka kuwasha injini kwa nguvu za mkono na mguu. Magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yalikuja na selfu ya umeme. Honda ilipotoa Super Cub mwaka 1958, pikipiki ile ndogo ilikuwa ya kiki. Miaka miwili baadaye ikaja C102, yenye selfu. Hapo uhusiano ukabadilika. Selfu inakopa makumi ya ampea kwa sekunde chache, kisha injini inalipa deni hilo kidogokidogo pikipiki ikitembea. Dereva akishapata starehe hiyo, anakuwa na akaunti, na akaunti inaweza kuisha.

Akaunti yenyewe ni ndogo. Betri ya pikipiki za kibiashara huwa na volti 12 na takriban ampea-saa 5, yaani ukivuta ampea moja mfululizo itaisha kwa saa tano. Waliotengeneza pikipiki hizo walihesabu taa, honi, indiketa na selfu. Hawakuhesabu setilaiti.

Setilaiti nazo hazikutengenezwa kwa ajili ya kaka. GPS ni mradi wa jeshi la Marekani, na setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Mwaka 1983, ndege ya abiria ya Korea ilipopotea njia na kuingia anga la Umoja wa Kisovieti, ilitunguliwa na watu 269 wakafa. Rais Reagan akatangaza kwamba mfumo huo ukikamilika utakuwa wazi kwa matumizi ya kiraia. Ulikamilika mwaka 1995, lakini raia walipewa mawimbi yaliyovurugwa makusudi, hivyo kifaa kingeweza kukosea kwa mita 100 hivi. Katika mitaa ya Manzese au Tandale, mita 100 ni mtaa mwingine kabisa. Uvurugaji huo ulizimwa Mei 2000, na ndipo chombo cha vita kikaanza kufaa kumtafuta abiria nyuma ya msikiti, pembeni ya duka la dawa. Tena ilibidi ramani ziwepo. Hapa Dar, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa yenye mafuriko, vichochoro kwa mifereji.

Kupokea mawimbi kutoka setilaiti iliyo umbali wa kilomita 20,000 hivi hakuli umeme mwingi. Kinachokula zaidi ni kioo cha simu, kinachoongezwa mwanga hadi mwisho ili kishindane na jua, pamoja na mtandao usiolala. Kwa pamoja vinaweza kuvuta wati 5 au 6, ambayo ni nusu ampea kwenye betri ya volti 12. Injini ikiwa inazunguka, hilo ni jambo dogo. Injini ikizimwa, unaila akiba, na selfu itaanza kulalamika muda mrefu kabla betri haijaisha kabisa.

Lakini bado hatujampata mwizi wangu, kwa sababu simu haikuwepo. Kifaa cha kuchajia hupunguza volti 12 kuwa 5, na mashine hiyo ndogo haipumziki hata tundu likiwa tupu. Tuseme inavuta miliampea 15 tu, pengine pamoja na kile kitaa chake cha bluu ambacho nilikiona kizuri. Kwa siku moja ni ampea-saa 0.36. Kwa siku 14 ni 5.04. Nilipomaliza hesabu hiyo kwenye karatasi nilinyamaza kidogo. Wiki mbili za msiba na betri nzima ya kaka vilikuwa na urefu uleule.

Dawa yake fundi aliijua tangu siku ile aliponiuliza swali, nami nikamjibu kisomi. Kila pikipiki ina waya zinazopata moto wakati wote, na zile zinazopata moto swichi ikifunguliwa tu. Kifaa kama cha kaka kinaungwa kwenye hizo za pili, kikiwa na fyuzi ndogo ya ampea 2 au 3 ili waya ukichubuka usichome pikipiki. Kama mzigo ni mkubwa, anaweka rilei: waya mwembamba wa baada ya swichi unatoa amri tu, na waya mnene kutoka kwenye betri, wenye fyuzi karibu na betri, unabeba umeme. Funguo ukitoka, kila kitu kinakatika. Dereva naye ana wajibu wake: asisimame kijiweni injini imezimwa huku swichi iko wazi, na kwenye foleni ndefu, taa kubwa ikiwa inawaka, akumbuke kwamba injini inayozunguka polepole inazalisha kidogo. Ukipima betri iliyopumzika ukakuta volti 12.7, imejaa, ikishuka hadi 12.2, nusu imekwenda. Injini ikiwa mwendoni, kipimo kinapaswa kukaribia 14. Kisipofika, usilaumu simu, tafuta kinachokwamisha uchaji.

Nikitazama mchoro wa fundi, naona dainamo ya Busia. Karne nzima tumehangaika kuitenganisha taa na gurudumu, na sasa kwa fyuzi na waya mmoja tunairudisha simu kwenye sheria ya zamani: kula wakati wa kuzalisha.

Kaka alilipa deni la hesabu kwa kulala saa chache kwa siku kadhaa. Hakunilaumu, jambo lililoniuma zaidi. Juzi alinipakia kutoka Mwenge. Tulipofika alizima injini, na kwenye hendo simu ikalia kuonyesha kwamba chaji imekatika. Nilimwuliza kama mlio huo haumkeri, akisimama mara arobaini kwa siku.

“Unikere wa nini, mdogo wangu?” alisema akihesabu chenji. “Ukilia najua betri imelala salama.”