Chini ya Mbuyu wa Morogoro Stores

Oysterbay ya Dar es Salaam ilijengwa na Waingereza baina ya vita vikuu viwili vya dunia iwe mtaa wa maofisa wa Kizungu. Viwanja vilikuwa vipana, nyumba zikatazamishwa upepo wa bahari, na Mwafrika aliingia humo kwa kazi: kupika, kufua, kulea watoto, kukata majani ya ua. Jirani yake, Msasani, ilikuwapo zamani kabla ya ramani hizo, kijiji cha wavuvi chenye minazi na ngalawa zake. Wengi wa wale waliofanya kazi Uzunguni mchana walirudi kulala Msasani usiku. Ukitaka kujua ni kwa nini uchoraji uliobeba jina la Tanzania duniani ulizaliwa hapa wilayani Kinondoni, wala si Kariakoo au Temeke kulikojaa watu, anzia kwenye njia ile fupi ya miguu iliyounganisha mitaa hiyo miwili.

Miongoni mwa waliopita njia hiyo ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini kabisa, karibu na Mto Ruvuma. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, alikwenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akaingia Dar es Salaam. Akapata kazi ya bustani kwa ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni. Uhuru ulipofika, mwajiri alirudi kwao na kazi ikaisha. Kuanzia hapo aliishi kama wanavyoishi wengi wa mji huu hadi leo, kibarua hapa, biashara ndogo pale, akiuza mboga na matunda na kupiga muziki.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwahi kuingia chuo cha sanaa, wala hakuwa na turubai au rangi za wachoraji. Alikata bodi za dari, zile zinazofunikia silingi, vipande vya takriban futi mbili kwa mbili, akapaka rangi za mafuta zilizouzwa madukani kwa ajili ya baiskeli na milango. Rangi hiyo inang'aa, inakauka ngumu, na haikubali kuchanganywa kwa upole. Ikikaa, imekaa. Kwa hiyo usuli hupakwa kwanza rangi moja au mbili, ukaachwa ukauke, kisha mnyama anawekwa juu yake kwa mstari uliokatika wazi. Baada ya hapo ncha ya brashi inaanza kudonoa: madoa ya chui, nukta moja moja, nyingine nyeupe, nyingine njano, mpaka ngozi nzima ijae. Watu husema huu ni urahisi wa mtu asiyesoma. Mimi naona ni akili ya fundi aliyeisoma rangi yake vizuri na kuifanyia kazi kwa tabia yake.

Pa kuuzia palikuwa Morogoro Stores, duka la Oysterbay lililohudumia wanadiplomasia, wataalamu wa misaada na wageni wengine waliobaki au waliokuja baada ya Uhuru. Penye barabara ya Haile Selassie palikuwa na mbuyu, na chini ya kivuli chake picha ziliegemezwa. Mkewe, Agatha Mataka, ndiye aliyesimamia mauzo ya mwanzo. Hili halitajwi vya kutosha. Mtu anachora nyumbani Msasani, mke anasimama chini ya mbuyu na kujibizana bei na Waskandinavia waliokuja na vikapu vya kununulia mboga. Bila yeye kungekuwa na bodi nyingi ndani ya chumba kimoja na pengine hakuna historia.

Sasa niende mbali kidogo. Oktoba 1888, wakati pwani yetu kutoka Tanga hadi Kilwa ikiwa imewaka moto dhidi ya kampuni ya Wajerumani, kijana wa Kifaransa aitwaye Paul Sérusier alikaa kando ya mto katika kijiji cha Pont-Aven, Ufaransa, akachora msitu wa majira ya majani kupukutika. Paul Gauguin alikuwa pembeni yake akimwelekeza: kama mti unauona wa njano, weka njano iliyo safi, kama kivuli unakiona buluu, kipake buluu. Matokeo yake ni ubao mdogo wa sentimita 27 kwa 21 na ushei, miti ikiwa mabaka ya njano na nyekundu, mto ukiwa rangi tupu. Sérusier aliurudisha Paris, wenzake wakauita Hirizi, na kundi zima la wachoraji likajipanga nyuma yake. Leo uko kwenye jumba la makumbusho la Orsay.

Nauleta ubao huo kwa sababu unasaidia kuona kilichotokea Msasani miaka 80 baadaye. Hapo pia palikuwa na kipande cha mbao, rangi isiyotiwa maji, na watu waliokusanyika kuzunguka namna moja ya kutazama. Tofauti ni kwamba Sérusier alipewa ruhusa na mwalimu wake aache kupooza rangi alizoziona. Tingatinga hakuhitaji ruhusa. Mtu aliyekulia Tunduru amezoea msitu wa miombo, ambao kuanzia Septemba, kabla tone la mvua halijaanguka, huchipua majani machanga mekundu na ya rangi ya shaba. Wakati Ulaya majani yanageuka yafe, kusini kwetu yanageuka yazaliwe. Tena kuta za nyumba za kusini zilikuwa zikichorwa zamani sana. Mjerumani Karl Weule alipopita nchi za Masasi na Newala mwaka 1906 alikuta na kukusanya michoro ya wenyeji.

Ndugu na jamaa wa kusini walimfuata Tingatinga pale Msasani: Simon Mpata, January Linda, Casper Tedo, Adeusi, Ajaba Abdallah, Omari Amonde. Walijifunza kwa kukaa naye. Mwaka 1972 polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu walilifyatulia risasi gari alilokuwamo, wakidhani ndimo walimo, akafa. Alikuwa na miaka 40 hivi, na alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Wanafunzi wake wangeweza kutawanyika. Walibaki palepale Morogoro Stores wakiuza chini ya mti, na mwaka 1990 wakajisajili kuwa chama cha ushirika. Kwenye mikono yao na ya waliowafuata mandhari ilipanuka. Tingatinga mwenyewe alipenda mnyama mmoja akitawala bodi nzima. Mohamed Charinda akaleta kijiji chenye watu, waganga na hadithi. David Mzuguno akachora msitu ambao huwezi kupenyeza kidole, ua juu ya ua, ndege ndani ya jani. Baadaye soko la watalii likataka Kilimanjaro, twiga na jua linalozama, na mamia ya bodi zikatoka zinazofanana. Hilo linaniuma, kwa kuwa wengi huzitazama hizo tu na kudhani ndizo zote. Bahari, iliyo hatua chache kutoka pale walipokaa, wameichora mara chache kuliko nyika.

Kazi yenyewe bado inafundishwa kama ilivyofundishwa Msasani. Anayeanza hupewa kupaka usuli wa picha ya mkubwa wake na kujaza nukta, na jina linaloandikwa pembeni si lake. Anachora mnyama wake mwenyewe siku mwalimu atakapoona mstari wake hautetemeki.