Uzito na Mwendo: Risasi za .45-70 na .405 katika Bunduki za Wenzo, 1873–1909

Jeshi la Marekani liliipokea risasi ya .45-70 mwaka 1873. Ikitumia baruti nyeusi, ilirusha kichwa cha gramu 26 kwa takriban mita 400 kwa sekunde. Winchester ya mwaka 1886, iliyobuniwa na John Browning, iliifanya risasi hiyo ya kijeshi kuwa chombo cha wawindaji. Hata hivyo, risasi zilipangwa ndani ya bomba chini ya mtutu, kila ncha ikielekea fataki ya risasi iliyotangulia. Kwa hiyo ncha butu ilikuwa sharti la usalama.

Modeli ya 1895 iliondoa kikwazo hicho kwa kupanga risasi juu ya nyingine. Mwaka 1904 ikapewa risasi ya .405, yenye kichwa cha gramu 19 na mwendo wa takriban mita 670 kwa sekunde. Nguvu ya pigo ilizidi maradufu.

Theodore Roosevelt, aliyewinda Afrika Mashariki kuanzia 1909, aliisifu .405 kwa simba; kwa tembo alitegemea bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland. Kichwa kipana, kifupi na chepesi hakipenyi kwa kina kinachotarajiwa kutokana na mwendo wake. Hivyo, ulinganisho wa nguvu pekee hautoshi bila kuzingatia mnyama aliyekusudiwa.