Miraba Minne na Kiwanda Kimoja: Historia ya Uchambuzi wa SWOT kwa Jicho la Eldoret

Uchambuzi wa SWOT ni njia ya kupanga mikakati inayomtaka msimamizi wa biashara au taasisi ayagawe mambo yanayoihusu katika mafungu manne, yaani nguvu ilizo nazo, udhaifu ulio ndani yake, fursa zinazojitokeza nje na vitisho vinavyoikabili kutoka huko nje, kabla ya kuamua itaelekea wapi katika miaka ijayo. Nchini Kenya ni nadra kufungua mpango mkakati wa shirika la umma au chuo kikuu usikute ukurasa wenye jedwali la miraba hiyo minne, na katika vyuo vya Eldoret wanafunzi wa biashara hujifunza kulichora mapema katika masomo yao. Hata hivyo, njia hii mara nyingi hufundishwa kana kwamba ilizaliwa ikiwa kamili, ilhali ilibadilika njiani na kupoteza jambo lililokuwa uti wa mgongo wake, nalo ni swali la wakati. Hasara iliyotokana na kupotea kwa swali hilo inaonekana vizuri katika historia ya kiwanda cha nguo cha Rivatex, ambacho kwa takriban nusu karne kimepanda na kuanguka katika mji huo wa magharibi mwa Kenya.

Asili ya uchambuzi huu iko Menlo Park, California, katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, ambayo kuanzia miaka ya mwisho ya 1950 iliendesha huduma ya kuyasaidia makampuni makubwa ya Marekani kupanga mambo ya muda mrefu. Makampuni hayo yalikuwa yamekua haraka baada ya Vita Kuu ya Pili, yakaajiri maofisa wa mipango, kisha wakubwa wake wakagundua kwamba mipango iliyoandikwa na maofisa hao haikuwa ikifuatwa na wasimamizi waliotakiwa kuitekeleza. Robert Stewart na wenzake katika taasisi hiyo walitafuta utaratibu ambao ungewalazimisha wasimamizi wenyewe, tangu wa idara ndogo hadi wa ngazi za juu, kuyataja masuala wanayoyaona katika kazi zao na kuyatetea kwa ushahidi. Kufikia mwaka 1965 utaratibu huo ulikuwa umeandikwa na kupewa jina la SOFT, ambalo herufi zake kwa Kiingereza zinasimamia mambo yanayoridhisha, fursa, kasoro na vitisho. Albert Humphrey, aliyefanya kazi katika taasisi hiyo hiyo na ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyetajwa kuwa mwasisi wa SWOT, alieleza baadaye kwamba mantiki yake ilikuwa nyepesi: jambo jema la sasa ni la kuridhisha, jambo jema la siku zijazo ni fursa, jambo baya la sasa ni kasoro, na jambo baya la siku zijazo ni tishio.

Mgawanyo huo wa awali, basi, ulikuwa wa wakati. Mstari uliotenganisha miraba ulipita kati ya leo na kesho, na aliyejaza jedwali alilazimika kujiuliza, kwa kila jambo zuri aliloliandika upande wa leo, litakuwa na sura gani litakapofika upande wa kesho. Katika muongo uliofuata herufi zilibadilishwa, kasoro ikawa udhaifu na mambo yanayoridhisha yakawa nguvu, na mawazo ya jedwali yakachanganyika na yale yaliyokuwa yakifundishwa katika Shule ya Biashara ya Harvard, ambako Kenneth Andrews na wenzake walikuwa wamechapisha mwaka 1965 kitabu cha sera za biashara kilichosisitiza kulinganisha uwezo wa ndani wa kampuni na mazingira ya nje. Mchanganyiko huo uliihamisha mipaka ya miraba: nguvu na udhaifu vikawa mambo ya ndani, fursa na vitisho vikawa mambo ya nje, na mstari wa leo na kesho ukafifia. Jedwali likawa rahisi zaidi kufundishwa, na hiyo ni faida ya kweli, lakini likawa pia picha ya siku moja.

Rivatex, jina lililofupishwa kutokana na viwanda vya nguo vya Bonde la Ufa, kilianzishwa mwaka 1976, wakati serikali ya Kenya ilipokuwa ikifuata sera ya kuzalisha nchini bidhaa zilizokuwa zikiagizwa kutoka ng'ambo na kuvilinda viwanda vichanga kwa ushuru wa forodha na leseni za uagizaji. Serikali ilishiriki katika mtaji wake kupitia shirika la ICDC, ambalo kazi yake ilikuwa kukuza viwanda na biashara. Kiwanda kilijengwa kikiwa na hatua zote chini ya paa moja, yaani kusokota nyuzi, kufuma, kutia rangi na kumalizia kitambaa, na pamba yake ilitegemewa kutoka maeneo ya joto yaliyo mbali na mji, likiwemo Bonde la Kerio, kwa kuwa Eldoret yenyewe iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi yake hairuhusu pamba kustawi.

Mahali penyewe hapakuchaguliwa ovyo. Reli ilikuwa imefika Eldoret mwaka 1924 na kuendelea kuelekea Uganda, barabara kuu ya kwenda Kampala inaukata mji katikati, na mji uliokuwa umeanza kwa ofisi ya posta mwaka 1910 ulikuwa umegeuka kuwa soko la nafaka na maziwa la nyanda za Uasin Gishu. Viwanda vingine vya nguo vilisimama hapo hapo, kikiwemo cha sufu cha Raymond na kile cha Ken-Knit kinachotengeneza nyuzi za kufumia na blanketi. Kama msimamizi wa Rivatex angechora jedwali la SWOT mwaka 1985, mraba wa nguvu ungejaa mapema: soko la ndani lililolindwa, wanunuzi wa uhakika, mitambo isiyo mizee, na wakulima waliokuwa wakiuza pamba yao kupitia bodi ya serikali. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingekuwa uongo. Shida ni kwamba nguvu kubwa kuliko zote, yaani ulinzi wa soko, haikuwa ya kiwanda bali ya sera, na sera hubadilika hata kama kiwanda hakijabadilika.

Nayo ilibadilika. Kenya ilikuwa imeanza marekebisho ya uchumi katika miaka ya 1980 chini ya shinikizo la wakopeshaji wa kimataifa, na serikali ikatangaza mwelekeo huo rasmi katika waraka wake wa mwaka 1986 kuhusu usimamizi wa uchumi. Biashara ya pamba ililegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, bodi iliyokuwa ikiwapa wakulima pembejeo na kununua mavuno ikapoteza nguvu zake, na kufikia mwaka 1993 utaratibu wa leseni za uagizaji ulikuwa umeondolewa kwa sehemu kubwa. Nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani, ambazo Wakenya huziita mitumba, ziliingia kwa marobota hadi kwenye masoko ya mitaani, pamoja na vitambaa vipya vya bei nafuu kutoka Asia. Kiwanda kikajikuta kinabanwa pande mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa wakulima waliocheleweshewa malipo walikuwa wakiiacha pamba huku wanunuzi wakihamia mitumba. Mwishoni mwa muongo huo Rivatex kilikuwa chini ya usimamizi uliowekwa kwa niaba ya wadai wake, na hatimaye milango ikafungwa. Kicomi cha Kisumu na Mountex cha Nanyuki vilifikwa na hatima kama hiyo.

Ni rahisi kusema leo kwamba mitumba ndiyo iliyokiua kiwanda, na wengi wa waliopoteza kazi husema hivyo kwa uchungu ulio halali. Lakini uchambuzi makini hauwezi kuishia hapo, kwa sababu tishio hilo hilo liliwakabili wote na halikuwamaliza wote: Ken-Knit, katika mji huo huo, kiliendelea kuzalisha, na huko Thika kiwanda cha Thika Cloth Mills kiliendelea kufuma. Tishio la nje huua linapokutana na udhaifu fulani wa ndani, na jedwali linaloviweka vitu hivyo viwili katika miraba miwili isiyozungumza haliwezi kuonyesha makutano hayo.

Kasoro hiyo iliwahi kuonwa na mtaalamu Heinz Weihrich, ambaye mwaka 1982 alichapisha pendekezo la kuzigeuza herufi na kuanza na vitisho, kisha kuyakutanisha mafungu mawili mawili, nguvu na fursa, nguvu na vitisho, udhaifu na fursa, udhaifu na vitisho, ili kila makutano yazae hatua ya kuchukua. Katika pendekezo hilo kuna sehemu ambayo haitajwi sana madarasani, pale anaposhauri jedwali lichorwe zaidi ya mara moja, la wakati uliopita, la sasa na la nyakati zijazo, kwa kuwa mazingira na kampuni vyote hubadilika. Kwa hatua hiyo Weihrich aliurudisha mstari wa wakati ambao Stewart alikuwa ameuweka tangu mwanzo. Mwaka 1997 Terry Hill na Roy Westbrook walikwenda mbali zaidi. Baada ya kuchunguza makampuni 20 ya Uingereza yaliyokuwa yametumia SWOT, waliripoti kwamba orodha zilikuwa ndefu, maneno yalikuwa ya jumla, mambo hayakupimwa uzito wala kuthibitishwa, na matokeo hayakutumika katika hatua zilizofuata za kuunda mkakati, hivyo wakapendekeza njia yenyewe iondolewe sokoni kama bidhaa mbovu.

Wakati huo njia iliyokuwa ikishutumiwa Uingereza ilikuwa bado haijapata nguvu yake kamili nchini Kenya. Masomo ya usimamizi wa kimkakati yalikuwa yameingia vyuoni, na mwaka 1992 Evans Aosa aliwasilisha utafiti wake wa uzamivu juu ya namna viwanda vikubwa vya binafsi vya Kenya vinavyounda na kutekeleza mikakati, lakini kilichoufanya mpango mkakati kuwa jambo la lazima ni mageuzi ya serikali iliyoingia madarakani mwishoni mwa mwaka 2002. Mwaka 2004 mashirika 16 ya umma yalianza kutia saini mikataba ya utendakazi, ambayo ni makubaliano kati ya serikali na wasimamizi juu ya malengo yatakayopimwa kila mwaka, na malengo hayo yalihitaji kuchotwa kutoka katika mpango mkakati. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo ilizitaka kaunti, Uasin Gishu ikiwa miongoni mwazo, kuwa na mipango jumuishi ya maendeleo ya miaka mitano, na mwongozo uliotolewa na Hazina ya Taifa kwa ajili ya mipango mikakati ya 2023 hadi 2027 unautaja uchambuzi wa SWOT kuwa sehemu ya tathmini ya hali. Utaratibu uliobuniwa California ili wasimamizi wabishane kwa ushahidi ukawa, katika taasisi nyingi, fomu ya kujazwa kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu nchi iliyopoteza viwanda vingi kwa muda mfupi ina sababu kubwa kuliko nchi nyingi ya kuuchukua mjadala huo kwa uzito.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 na chenye makao makuu Kesses, nje ya Eldoret, kilikinunua kiwanda na kukiita Rivatex East Africa, kikikusudia kukitumia kwa uzalishaji, mafunzo na utafiti. Uamuzi huo unastahili kusifiwa kama mfano wa makutano ya aina aliyoyaeleza Weihrich: chuo kilikuwa na wahandisi wa nguo na wanafunzi waliohitaji mitambo ya kujifunzia, na mji ulikuwa na majengo na mafundi ambao ujuzi wao ulikuwa unapotea. Mwezi Julai mwaka 2016, Waziri Mkuu wa India Narendra Modi alipozuru Nairobi, ulitiwa saini mkopo wa dola milioni 29.95 za Marekani kutoka India kwa ajili ya kukifanya kiwanda kuwa cha kisasa, na mwezi Juni mwaka 2019 Rais Uhuru Kenyatta alikizindua upya. Katika jedwali la siku ile mitambo mipya ingekaa mraba wa nguvu bila ubishi, na fursa zingekuwa nyingi, kuanzia sare za idara za serikali hadi soko la Marekani lililofunguliwa na sheria ya AGOA ya mwaka 2000.

Mstari wa wakati, hata hivyo, ungemlazimisha mchoraji kuuliza swali ambalo mitambo haiwezi kulijibu, yaani pamba itatoka wapi. Mashine inayosokota haraka kuliko ile ya zamani hula pamba nyingi zaidi, na shamba haliongezeki kwa siku moja ya uzinduzi, kwa maana mkulima aliyeng'oa pamba katika miaka ya 1990 na kupanda mazao mengine hurudi tu akiamini kwamba atalipwa kwa bei na kwa wakati. Serikali iliidhinisha mwezi Desemba mwaka 2019 kilimo cha kibiashara cha pamba ya Bt, iliyobadilishwa vinasaba ili istahimili viwavi wanaoshambulia vitumba, na mbegu hiyo ni sehemu ya jibu, ila mbegu bila mnunuzi wa uhakika na bila viwanda vya kuchambulia pamba karibu na mashamba haijazi ghala la Eldoret. Pasipo pamba ya kutosha, mitambo ile ile iliyoandikwa kuwa nguvu huwa mzigo, kwa sababu mkopo wake unadaiwa na umeme wake unalipiwa hata inapofanya kazi chini ya uwezo wake. Katika miaka ya karibuni kiwanda kimepita tena katika ukata, na serikali imegeukia njia ya kukikodisha kwa mwekezaji binafsi.

Mwezi Agosti mwaka 2024 Eldoret ulipewa hadhi ya jiji, la tano nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, na hadhi hiyo imezaa duru mpya ya mipango ya viwanda, makazi na usafiri. Wanaoiandaa wana nyaraka za kutosha za kuwaongoza endapo watakubali kuchora jedwali la mji wao la mwaka 1985, la mwaka 1995 na la mwaka 2019 kabla ya kuchora la mwaka 2035, na endapo katika meza ya kuchorea watamkalisha mkulima wa Bonde la Kerio na muuza mitumba wa soko la mjini pamoja na mhandisi na mhasibu, kwa kuwa hao wawili wa kwanza ndio waliokuwa wakijua, miaka kadhaa kabla ya milango kufungwa, kwamba pamba ilikuwa inapungua mashambani na wateja walikuwa wanahama.